Wanaipita kila wiki bila kuiona: Hifadhi ya Murchison na wafanyabiashara wa West Nile

PAKWACH, Uganda

KWA mfanyabiashara wa Midia, wilayani Koboko, neno "paki" lina maana moja. Ni Arua Park, pale Kampala, mahali ambapo mabasi ya West Nile hushusha abiria alfajiri na kupakia mizigo ya kurudi Arua, Koboko, Ariwara na Yei. Huko ndiko anakonunua vitenge, vipodozi, sufuria na vipuri vya pikipiki. Huko ana wadai, ana wadeni, na ana wapagazi wanaomjua kwa jina.

Lakini njiani kwenda huko ipo paki nyingine. Ameipita mara nyingi kiasi cha kushindwa kuhesabu, na huenda hajawahi kuikanyaga hata siku moja.

Ni Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, kubwa kuliko hifadhi zote za taifa nchini Uganda, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 3,900. Kona yake ya kaskazini-magharibi inafika kwenye Mto Nile, ng'ambo ya mji wa Pakwach. Abiria anayevuka daraja la Pakwach kuelekea Kampala akigeuza shingo kulia, anaitazama hifadhi. Hakuna mlima wa kupanda wala safari ya siku mbili. Ni upande wa pili wa kioo cha basi.

Tatizo ni saa. Mabasi mengi ya Koboko na Arua husafiri usiku ili mfanyabiashara apate mchana mzima wa kununua. Yakifika Pakwach mapazia yamefungwa, abiria wamelala na mkono uko juu ya mfuko wa fedha. Tembo huvuka barabara gizani, dereva hupunguza mwendo, na wenye usingizi hudhani ni kizuizi cha polisi.

Mji wa daraja na samaki

Pakwach ni mji mdogo unaoishi kwa mto. Hapa Nile ndiyo kwanza imetoka Ziwa Albert na inaanza safari yake kwenda Nimule na Juba. Kabla ya barabara ya lami, mto wenyewe ndio uliokuwa barabara. Enzi za ukoloni meli zilitoka bandari ya Butiaba kwenye Ziwa Albert, zikapita Pakwach na Rhino Camp, zikaishia Nimule mpakani mwa Sudan. Reli kutoka Tororo kupitia Gulu ilifika Pakwach mwaka 1964, na mpango wa kuiendeleza hadi Arua haukukamilika. Tangu hapo mizigo ya West Nile imekuwa mali ya malori.

Samaki ndio bidhaa ya mji. Angara waliokaushwa hupangwa kando ya barabara, na soko la Panyimur, kusini mwa Pakwach, huwavuta wanunuzi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo (DRC). Wafanyabiashara wa Koboko wanawajua samaki hawa vizuri, kwa sababu magunia yake huendelea hadi Oraba na kuingia Sudan Kusini.

Darajani wapo askari, na kupiga picha ni marufuku. Ukishavuka, barabara inashika mashariki kuelekea Olwiyo na Karuma, zaidi ya kilomita 100 mbele. Muda mfupi baada ya daraja, upande wa kulia, ndipo ilipo njia ya kwenda geti la Tangi. Huo ndio mlango wa hifadhi ulio karibu zaidi na watu wa West Nile.

Kuna nini ndani

Kutoka Tangi, barabara inashuka kusini hadi Paraa, kwenye kingo za Nile inayotoka Ziwa Victoria. Paraa, kwa lugha ya wenyeji Waluo, ni nyumbani kwa viboko, na jina halidanganyi. Viboko wamejaa majini kama mawe meusi, na mamba wa Nile wamelala mchangani na vinywa wazi.

Nchi kavu ni mbuga ya nyasi yenye mivumo mirefu iliyosimama kama nguzo za umeme. Twiga hutembea katikati ya mivumo hiyo kwa makundi; hakuna mahali pengine Uganda penye twiga wengi kama hapa. Wapo nyati, kongoni, taya, ngiri na makundi makubwa ya swala wa Uganda, yule ambaye sura yake imo kwenye nembo ya taifa. Simba wapo, ingawa si kila mgeni huwaona. Karibu na ziwa, kwenye mafunjo, anaishi yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye watalii hutoka Ulaya kumfuata yeye tu.

Mashua huondoka Paraa kwenda juu ya mto hadi karibu na maporomoko, safari ya saa kadhaa kwenda na kurudi. Pale juu, Nile nzima inabanwa kwenye ufa wa mwamba wenye upana wa takriban mita 7, kisha inaanguka zaidi ya mita 40. Samuel Baker, Mwingereza aliyefika hapo mwaka 1864 pamoja na mkewe Florence, aliyapa maporomoko jina la Murchison, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Serikali ya Idi Amin, ambaye kwa upande wa baba alikuwa Mkakwa wa Koboko, iliyabadili jina yakawa Maporomoko ya Kabalega, kwa heshima ya mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 jina la Mwingereza likarudi.

Bei ya Mwanajumuiya

Wengi huogopa geti kwa kudhani ni la watu wenye dola. Mamlaka ya Wanyamapori Uganda (UWA) ina viwango tofauti vya kiingilio. Mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa kwa dola. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) hulipa kwa shilingi za Uganda, na kiasi chake ni sehemu ndogo ya kile anacholipa mgeni huyo.

Hili si jambo dogo kwa msomaji aliye Ariwara au Kaya. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, na DRC ikafuata mwaka 2022. Mfanyabiashara anayejua faida ya cheti rahisi cha uasilia, kinachopunguzia ushuru bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000, ataelewa haraka. Getini, kama mpakani, kinachotazamwa ni ushahidi wa unakotoka. Asiyebeba kitambulisho cha taifa au pasipoti asishangae kuhesabiwa kama mgeni wa mbali.

Mambo mengine ya kujua ni machache. Malipo ya geti hayafanywi kwa fedha taslimu, kwa hiyo simu yenye salio la kulipia ni muhimu kuliko bunda la noti. Gari nalo lina ada yake, ndiyo maana kundi la watu wanane au kumi wanaokodi gari moja hutumia kidogo kuliko watu wawili. Ndani mwendo hauzidi kilomita 40 kwa saa, hairuhusiwi kuendesha usiku, na hakuna kushuka garini porini. Anayetaka kuingia na kutoka siku hiyo hiyo afike getini asubuhi mapema.

Asilimia 20 ya makusanyo ya kiingilio hurudishwa kwa jamii zinazopakana na hifadhi. Fedha hizo hujenga madarasa na zahanati kwa watu ambao mara kwa mara huamka wakakuta tembo wamemaliza mihogo shambani. Kila anayelipa getini, awe Mkakwa wa Midia au Mlendu wa Ituri, amechangia kumfuta machozi mkulima huyo.

Tembo aliyegawa ndugu

Habari ya tembo kuingia shambani ni ya zamani sana katika ardhi hii. Waluo wa pande zote mbili za mto husimulia kwamba Waalur na Waacholi walitengana hapa hapa Pakwach, mahali paitwapo Wang Lei, kwa sababu ya tembo.

Gipir na Labongo walikuwa ndugu. Siku moja tembo aliingia shambani, Gipir akashika mkuki wa karibu, ambao ulikuwa wa Labongo, akamchoma. Tembo akakimbia na mkuki mwilini. Gipir alitaka kulipa kwa mkuki mwingine, Labongo akakataa; alitaka ule ule. Gipir akasafiri mbali hadi nchi ya tembo, akaupata. Akarudi pia na shanga. Baadaye mtoto wa Labongo akameza ushanga mmoja, na sasa ikawa zamu ya Gipir kudai ule ule. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakazika shoka mtoni, mmoja akabaki mashariki, mwingine akavuka magharibi, na hawakukaa tena pamoja.

Masimulizi hutofautiana kidogo kutoka mzee hadi mzee. Kwa anayeishi kwa biashara, hata hivyo, kisa kinasomeka wazi. Ni kisa cha deni: mali ilipotea, fidia ikatolewa, fidia ikakataliwa, na mwishowe mtoto akafa kwa ajili ya ushanga.

Pembe, bidhaa ya kwanza ya mpakani

Kabla ya kahawa, tumbaku na vitenge, bidhaa iliyovuka mipaka ya eneo hili ilikuwa pembe za ndovu. Katika miaka ya 1880, Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, aliweka makao Wadelai, kwenye ukingo wa Nile kaskazini mwa Pakwach. Pembe ndizo zilizokuwa utajiri wa jimbo lake. Askari wake wa Kisudani ni miongoni mwa mababu wa Wanubi wanaoishi leo Koboko, Arua, Bombo na hata Kibera, Nairobi.

Baadaye ukingo wa magharibi uliwekwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ukiitwa Lado. Wawindaji wa pembe waliingia kutoka kila upande. Januari 1910, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani mwaka mmoja kabla, alipiga kambi kando ya Nile na kuwaua faru weupe kadhaa kwa ajili ya makumbusho. Mahali hapo panaitwa Rhino Camp hadi leo. Jina la faru limebaki, ila mnyama hayupo. Leo Rhino Camp inajulikana kwa makazi ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini.

Faru wa mwisho wa porini nchini Uganda waliisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wale faru weupe wa kaskazini, ambao West Nile ilikuwa moja ya nchi zao, wamebaki majike wawili tu duniani, nao wako Ol Pejeta, Kenya. Dume la mwisho lilikufa Machi 2018.

Tembo wa Murchison nusura wafuate njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 14,000. Kisha ukaja utawala wa bunduki, vita ya 1978 na 1979, na vurugu zilizofuata. Silaha zilikuwa nyingi, mishahara ya askari haikuja, na pembe zilikuwa na soko. Kufikia miaka ya 1990 tembo waliobaki walikuwa mamia machache. Wakati huo huo vita vya kaskazini vikafanya barabara ya Karuma hadi Pakwach iwe ya hatari, magari yakisafiri kwa msafara wa jeshi. Wafanyabiashara wa makamo wanaikumbuka misafara hiyo. Barabara yao na tembo viliumia pamoja, na amani iliporudi vilipona pamoja. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta tembo takriban 1,300.

Mzigo unaoweza kukufilisi

Hapa ndipo hifadhi inapomgusa mfanyabiashara hata kama hana mpango wa kuitembelea.

Januari 2019, maofisa wa ushuru wa Uganda walikagua kwa mashine makontena yaliyokuwa yameingia kutoka Sudan Kusini. Hati zilisema ni mbao. Ndani ya magogo yaliyotobolewa na kuzibwa kwa nta mlikuwa na vipande 750 vya pembe za ndovu na maelfu ya magamba ya kakakuona. Wafanyabiashara halali wa mbao hawakuhusika na kontena hizo. Lakini bidhaa iliyotumika kuficha ilikuwa bidhaa yao, na njia ilikuwa njia yao. Baada ya kisa kama hicho, ni vigumu kumlaumu ofisa wa ushuru anayetaka kuona kila gogo.

Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 ni kali. Biashara haramu ya wanyama walio hatarini kutoweka inaweza kuleta kifungo cha maisha, au faini hadi shilingi bilioni 20, au vyote viwili. Si maneno ya kutishia watoto. Mwaka 2022 mahakama ya Kampala inayoshughulikia kesi za wanyamapori ilimfunga mtu maisha kwa kukutwa na pembe zenye uzito usiofika kilo 10. Uzito huo unaingia kwenye begi la kawaida la basi.

Ndiyo maana ombi la "nisaidie kufikisha mzigo huu Arua Park" linahitaji maswali. Gunia la samaki au mkaa lililofungwa na mtu usiyemjua, likiwa na kitu kingine katikati, linakuwa la aliyelibeba. Nyama ya porini inayouzwa kwa siri kandokando ya barabara ni hivyo hivyo. Mara nyingi imetoka kwenye mitego ya nyaya, ambayo haichagui: swala hunaswa, na simba hunaswa mguu. Bei yake ni rahisi kwa sababu hasara anayo mnunuzi akikamatwa.

Kuna na dogo zaidi, ambalo karibu kila abiria amelifanya. Karibu na Karuma, nyani hukaa kando ya barabara wakisubiri ndizi na mandazi yanayorushwa dirishani. UWA inakataza kuwalisha. Nyani aliyezoea kulishwa huacha kutafuta chakula msituni, hukimbilia kila gari linalopunguza mwendo, na wengi huishia chini ya magurudumu. Chupa ya plastiki inayofuata ndizi hubaki hapo hapo, au huteremka na mvua hadi Nile.

Barabara ilipoingia hifadhini

Mwaka 2024 wafanyabiashara wengi waliiona Murchison bila kupanga. Daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963, lilikuwa limechoka, na kuanzia Septemba lilifungwa kwa matengenezo ya miezi mitatu. Malori makubwa yalilazimika kuzunguka Mbale, Soroti na Lira, safari iliyoongeza mafuta, siku na lawama. Magari madogo ya West Nile yalielekezwa kupita Masindi, kuvuka daraja jipya la Paraa na kutokea Pakwach, yaani katikati ya hifadhi.

Kwa wiki hizo, njia ya kwenda sokoni na njia ya watalii zilikuwa moja. Waliozoea kusinzia walilazimika kusafiri mchana, kwa mwendo wa polepole, wakiwasubiri twiga wamalize kuvuka. Daraja lilifunguliwa tena Desemba, na mabasi yakarudi kwenye usiku wake.

Miezi ile ilionyesha jambo ambalo ramani haisemi kwa sauti. West Nile inaunganishwa na Kampala kwa madaraja machache tu juu ya mto mmoja, na kati ya madaraja hayo imelala hifadhi. Ikiharibika njia moja, ya pili inapita kwa tembo. Sasa barabara za lami zimeingia ndani ya hifadhi yenyewe kwa sababu ya mafuta: mradi wa Tilenga una visima ndani ya Murchison, na mafuta yake ndiyo yatakayosafiri kwa bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga, Tanzania. Magari yataongezeka, na wanyama watahitaji watu wengi zaidi wenye sababu ya kuwatetea. Wafanyabiashara wanaopita kila wiki ni wengi.

Anayetaka kuanza kidogo si lazima alipe chochote. Safari ijayo ya kurudi kutoka Kampala achukue basi la mchana, akae upande wa kushoto, na baada ya Olwiyo asisinzie. Jioni tembo hupenda kusogea kandokando ya barabara kabla ya Pakwach. Akiwaona, atajua geti liko wapi. Siku biashara ikiwa nzuri, yeye na wenzake saba wa Midia wanaweza kushuka darajani, kula angara, kulala Pakwach, na alfajiri kukodi gari moja kwenda Tangi. Vitambulisho mkononi.